Msisaini jibu la mashine ambayo haijapimwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa maabara za vinasaba Tanzania na Kenya

Kwa Waziri wa Afya na Mkemia Mkuu wa Serikali, Tanzania. Kwa Mkemia wa Serikali na Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai, Kenya. Na kwa wote mnaopitisha bajeti na zabuni za maabara hizi.

Waheshimiwa,

Mashine mpya ya vinasaba ikifika, utepe hukatwa, picha hupigwa, na haichukui muda mafaili ya kesi yaliyokuwa yakisubiri huanza kupangwa mezani. Barua hii inahusu kazi inayopaswa kufanyika kati ya utepe na faili la kwanza. Kazi yenyewe ni kuipima mashine kwa sampuli ambazo majibu yake tunayajua, katika chumba chetu, kwa umeme wetu na kwa mikono yetu, mpaka tujue inakosea wapi na kwa kiasi gani. Tunaomba kazi hiyo ipewe muda na fedha, na ripoti yake iwe wazi kwa hakimu, kwa wakili wa mshtakiwa na kwa familia inayosubiri mwili.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka Msamvu, Morogoro, na waliofariki wakapita 100. Mwaka 2023 makaburi ya Shakahola, Kilifi, yalitoa mamia ya miili. Septemba 2024 moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wanafunzi 21. Katika mikasa yote hiyo ilifika mahali sura haitambuliki na nguo haisaidii, ndugu wakatoa sampuli zao na kuambiwa wasubiri. Jibu la maabara ndilo linaloamua familia ipi inazika nani. Kwenye kesi ya ubakaji au mauaji, jibu la aina hiyohiyo linaweza kumfunga mtu maisha.

Gari likiharibika huzima au hutoa moshi. Mashine ya vinasaba ikikosea huendelea kutoa karatasi safi yenye grafu ya rangi nzuri na vilele vilivyonyooka, na asiyejua mipaka yake atasaini bila wasiwasi.

Mfano mzito zaidi tunaoujua unatoka jimbo la Queensland, Australia. Mwaka 2007 maabara ya serikali ya jimbo hilo ilianza kutumia roboti kutoa vinasaba kwenye sampuli za jinai badala ya mikono. Kabla ya kuanza, maabara iliifanyia roboti hiyo uhakiki na kuandika ripoti. Takwimu zilizokuwa ndani ya ripoti hiyohiyo zilionyesha kwamba roboti inatoa vinasaba pungufu sana kuliko njia ya mkono, kwa baadhi ya sampuli pungufu ya hadi asilimia 92. Lakini muhtasari wa mwanzoni ulisema matokeo ya njia hizo mbili yanalingana. Wakubwa wakasoma muhtasari, kazi ikaendelea kwa miaka. Damu iliyoonekana kwa macho ilikuwa ikirudi na jibu la "hakuna vinasaba". Mwaka 2023 tume ya Annabelle Bennett ndiyo iliyoufungua ukurasa huo.

Mwaka mmoja kabla yake, tume ya Walter Sofronoff ilikuwa imekuta kosa jingine katika maabara hiyohiyo. Tangu mwaka 2018, sampuli zenye mkolezo wa kati ya 0.001 na 0.0088 nanogramu kwa mikrolita zilikuwa zikiandikiwa kwamba vinasaba havitoshi kuendelea, kisha zikawekwa kando. Hebu tupige hesabu. Seli moja ya binadamu ina takribani pikogramu 6.6 za vinasaba. Ukitia mikrolita 15 za sampuli yenye 0.0088 kwenye mrija wa PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi ili visomeke, umetia nanogramu 0.132, sawa na pikogramu 132, yaani vinasaba vya seli kama 20. Ni kidogo, lakini kina majibu. Na kama chupa nzima ina mikrolita 90 zenye mkolezo wa 0.005 tu, jumla yake ni nanogramu 0.45, ukipunguza maji kabla ya kupima, unakaribia kabisa kiasi ambacho vifaa vya PCR vimetengenezewa. Mstari ule uliochorwa kwa urahisi wa kazi ulizima ushahidi ambao ungeweza kusomwa, na maelfu ya kesi zikalazimika kurudiwa kuangaliwa.

Tumeanza na Queensland kwa sababu ile ni maabara ya nchi tajiri na ilikuwa na ripoti ya uhakiki kwenye kabati. Kuwa na ripoti peke yake hakukuwasaidia. Iliyohitajika ni ripoti ambayo mtu asiye na haraka ya kuzindua mashine amesoma kila jedwali lake.

Tunajua mtajibiwa kwamba fundi wa muuzaji ameshaikagua mashine na kuacha cheti. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi huyo hupima kwa vinasaba safi vya kiwandani, vingi, visivyo na uchafu, siku ambayo kiyoyozi kinafanya kazi. Cheti chake kinaonyesha kwamba mashine haikuvunjika njiani. Hakisemi lolote kuhusu jino lililoungua, suruali ya jinzi iliyolowa damu, au mfupa uliokaa miezi katika udongo wa Kilifi. Rangi ya jinzi, hemu ya damu na tindikali za udongo huzuia PCR, na zote zimo katika mizigo inayotufikia.

Upimaji tunaoutaka huanzia mahali ambapo hakuna mgeni rasmi anayepaangalia: pipeti na mikono ya roboti. Mikrolita moja ya maji ina uzito wa takribani miligramu moja, kwa hiyo mizani nzuri inatosha kumuumbua muongo. Agiza mikrolita 10, pima uzito mara kumi. Kisha mikrolita 2, mara kumi tena, kwa kila tundu la roboti na si tundu la kwanza tu. Chombo cha mizani kiwe na maji kidogo ndani na kifuniko, maana kwenye chumba chenye kiyoyozi matone madogo huwa mvuke kabla namba haijatulia. Pipeti inayotoa mikrolita 1.6 badala ya 2 haionekani kwa macho, lakini imekupunguzia zaidi ya theluthi moja ya ushahidi ukijumlisha hatua mbili tu.

Halafu roboti ya kutoa vinasaba, ile iliyowaangusha wenzetu. Chukua damu ya mtu aliyeridhia, izimue mara 10, mara 100 na mara 1,000, idondoshee kwenye pamba na kwenye kipande cha jinzi, vipande kumi kwa kila daraja. Vitano vipite kwa roboti, vitano kwa mkono, kisha linganisha nanogramu kwa nanogramu. Kiwango cha kukubali kiandikwe na kusainiwa kabla ya kuanza. Sisi tunapendekeza kwamba roboti ikitoa chini ya asilimia 80 ya kinachotolewa na mkono, isitumike mpaka sababu ijulikane. Mara nyingi sababu ni ndogo na ya kurekebishika. Shanga za sumaku, zile zinazoshika vinasaba, zimetuama chini ya chupa, ncha ikanyonya maji matupu ya juu. Sumaku imewekwa milimita chache chini ya panapotakiwa, shanga zikaenda na maji ya kuoshea. Au ethanoli haikukauka vizuri, ikabaki na kuikaba PCR, na mtu akadhani sampuli haikuwa na kitu.

Roboti hiyohiyo ipimwe kwa uchafuzi. Panga sahani ya visima 96 kama ubao wa drafti: kisima chenye damu nyingi, jirani yake kitupu, hadi mwisho. Ipitishe kama kazi ya kawaida na usome visima vyote vitupu mpaka mwisho wa mnyororo. Kikitokea kilele kimoja cha jirani kwenye kisima kitupu, kazi isimame. Mwaka 2011 nchini Uingereza kijana mmoja alikaa rumande miezi kadhaa kwa kosa la ubakaji katika mji ambao hakuwa amekwenda, kwa sababu trei ya plastiki iliyobeba mate yake kutoka kesi nyingine ilitumika tena. Ujerumani nayo ilimsaka kwa miaka "mwanamke" aliyeonekana kwenye matukio takribani 40, hadi mwaka 2009 ilipobainika kwamba vinasaba vile ni vya mfanyakazi wa kiwanda cha pamba za kuchukulia sampuli. Kisa hicho ndicho kilichozaa kiwango cha ISO 18385 cha mwaka 2016 kuhusu vifaa vinavyotumika mara moja. Zabuni zenu zikitaja pamba na mirija bila kutaja kiwango hicho, mnanunua hatari ileile.

Kwenye mashine ya kupima kiasi cha vinasaba tutapita haraka. Mstari wa viwango, yaani grafu inayochorwa kwa sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana, uwe na mteremko kati ya −3.0 na −3.6, na namba zake zilinganishwe na vinasaba rejea vya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, yaani SRM 2372a. Kosa la kawaida ni mrija wa viwango uliofunguliwa mara nyingi: maji yamepungua, mkolezo umepanda, na kila sampuli ya siku hiyo inasomeka kuwa na vinasaba vichache kuliko vilivyomo. Unganisha kosa hilo na mstari wa kukata kama ule wa Queensland, uone ushahidi unavyopotea bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Sasa mashine kubwa, ile yenye kapilari, yaani mirija myembamba sana, ambayo ndiyo huoneshwa wageni.

Kazi yake ni kupanga vipande vya vinasaba kwa urefu, kwa usahihi ulio chini ya besi moja, yaani herufi moja ya vinasaba. Tazama eneo linaloitwa TH01. Kila mtu ana aleli mbili pale, yaani namna mbili za eneo hilo, moja ya baba na moja ya mama. Kuna aleli 10, yenye marudio kumi ya besi nne nne, na kuna aleli 9.3, yenye marudio tisa kamili na kipande cha besi tatu. Tofauti yao ni besi moja. Programu husoma kilele kwa kukilinganisha na ngazi ya aleli, yaani mchanganyiko wa aleli zinazojulikana, na humpa kila aleli dirisha la nusu besi kila upande. Kwa hiyo pima ngazi hiyo mara kwa mara katika kila kapilari, siku tofauti na saa tofauti, kisha tafuta mtawanyiko wake. Ukiwa 0.05 ya besi, mara tatu yake ni 0.15, uko salama. Ukifika 0.17, mara tatu yake imepita nusu besi, na 9.3 ya mtu inaweza kusomwa vingine.

Kinachoutanua mtawanyiko huo ni joto, na hapa ndipo nchi zetu zina tatizo lao wenyewe. Tanuri ya kapilari hukaa nyuzi 60, lakini chumba kinaingilia. Dar es Salaam au Mombasa kiyoyozi kikizima saa 6 mchana, ngazi iliyosomwa saa 2 asubuhi haifai tena kusomea sampuli ya saa 8. Uhakiki uliofanywa mwezi wa Julai peke yake haujaona Februari. Ndiyo maana tunataka siku za kupima zitawanywe, na kipimajoto cha chumba kiandike namba muda wote.

Umeme nao upimwe, usikisiwe. Mzunguko mmoja wa mashine huchukua karibu dakika 40. Wekeni sampuli za majaribio, kisha kateni umeme makusudi katikati, muone UPS inashika kwa dakika ngapi, jenereta inapoingia mashine inafanya nini, na kama sampuli ileile ikirudiwa inatoa jibu lilelile. Ni bora kulijua hilo kwa damu ya majaribio kuliko kwa mfupa wa mwisho uliobaki wa marehemu.

Kuna na fomamaidi, kimiminika ambamo vinasaba huchanganywa kabla ya kuingizwa. Ikigandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, au ikivuta unyevu wa pwani, huoza na kutoa ayoni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Ayoni ni nyepesi, hukimbilia kapilari kabla ya vinasaba, na vilele vyote hushuka. Mtaalamu asiyejua ataandika kwamba sampuli ilikuwa dhaifu. Dawa yake ni rahisi: igawanywe kwenye mirija midogo siku inapofika, kila mrija uyeyushwe mara moja, utumike, utupwe. Lakini igandishwe vipi ikiwa imekaa wiki mbili bandarini kwenye jua? Zabuni iseme nani anawajibika kwa mnyororo wa baridi tangu meli hadi friza.

Baada ya hapo ndipo mipaka ya kusoma inapowekwa. Mpaka wa kwanza unatenganisha kilele na kelele: pitisha sampuli tupu zisizopungua 20, chukua wastani wa kelele na uongeze mara kumi ya mtawanyiko wake, kwa kila rangi peke yake, maana kelele ya bluu si ya nyekundu. Mpaka wa pili ni mgumu na ndio wenye maisha ya watu. Tengeneza ngazi ya kuzimua kuanzia nanogramu 1, kisha 0.5, 0.25, 0.125, 0.062, 0.031 hadi 0.015, kila daraja mara tatu, kwa watu ambao unajua wana aleli mbili tofauti. Kwenye 0.031 una seli kama tano. Pipeti inaweza kubeba aleli ya baba ikaiacha ya mama kwa bahati tu. Mtaalamu ataona kilele kimoja, aseme mtu huyu ana aleli moja aliyorithi pande zote mbili, na kwa kauli hiyo amtoe mkosaji au amnyime mtoto baba yake. Tafuta kilele kirefu kuliko vyote ambacho mwenzake alipotea. Chini ya urefu huo, kilele kilichobaki peke yake kisitafsiriwe hivyo. Mipaka hii haikopwi kwa jirani. Mashine mbili za muundo mmoja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kutofautiana.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Waafrika tuna mchanganyiko mpana wa vinasaba kuliko watu wa mabara mengine, na vifaa vingi vimejaribiwa zaidi kwa watu wa huko vinakotengenezwa. Aleli zisizomo kwenye ngazi zitatokea. Pia yatatokea mabadiliko mahali ambapo kianzio cha PCR, kipande kifupi kinachoanzisha unakili, hushika, aleli ikafichika kabisa. Njia ya kuligundua hilo ni kupima watu walewale kwa vifaa vya watengenezaji wawili na kutafuta panapotofautiana. Ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na kesi moja ya mtoto aliyekataliwa kimakosa.

Kuhusu visanduku vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika 90 hivi, tunajua wauzaji wanabisha hodi kwenu. Vilisaidia kutambua waliofariki katika moto wa Camp Fire, California, mwaka 2018, na tunaona nafasi yake kwenye maafa. Lakini sampuli ikiingia kwenye kasha lake, kuirudia ni shida, na vimebuniwa kwanza kwa mate ya shavuni, yaliyo mengi na safi. Msiviweke kwenye vituo vya polisi kabla ya kuvipima kwa aina ya sampuli mnazotaka kuvipa, na kwa ushahidi wa tukio kibaki kipande cha kurudia kwa njia ya kawaida.

Ombi letu kwenu, basi. Kila zabuni ya mashine ya vinasaba iwe na fungu la uhakiki ambalo haliwezi kuhamishwa. Sisi tunapendekeza asilimia 15 ya bei ya mashine, pamoja na wiki 12 ambazo mashine haigusi kesi yoyote. Fungu hilo linunue SRM 2391d, vinasaba rejea vya NIST kwa ajili ya upimaji huu, na vipitishwe kila mwaka na kila mashine inapofanyiwa matengenezo makubwa, ikiwemo kubadilishwa laza au kamera. Kila mtaalamu anayesaini majibu apimwe kwa sampuli za siri mara mbili kwa mwaka, zikiletwa na taasisi ya nje, zikiingia mapokezi kama kesi nyingine yoyote.

Ripoti ya uhakiki isomwe na mtu wa nje ya maabara, jedwali kwa jedwali. Kwa Tanzania, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeiweka Maabara ya Mkemia Mkuu kuwa msimamizi wa eneo hili, na maabara hiyohiyo hupima sampuli. Hatusemi kwamba hilo limeleta kosa. Tunasema msimamizi anahitaji jicho jingine juu ya mashine zake mwenyewe, kutoka chuo kikuu au maabara ya nchi jirani. Dar es Salaam wasome za Nairobi na Nairobi wasome za Dar es Salaam. KENAS, shirika la ithibati la Kenya, na SADCAS, la nchi za SADC, hutoa ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na cheti hicho kina orodha ya vipimo vinavyohusika. Wakili anayeambiwa kwamba maabara ina ithibati aulize kama kipimo cha vinasaba kimo kwenye orodha hiyo.

Tunaomba mtujibu kwa maandishi maswali matatu. Mashine zinazotumika leo zilihakikiwa lini, kwa sampuli ngapi na za aina gani? Tangu hapo zimetengenezwa mara ngapi, na zilipimwa upya kila mara? Na mtu akitaka kuzisoma ripoti hizo, aende dirisha gani?

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa maabara za vinasaba